Ndani ya Kiplefti cha Taifa

Mambo haya yalitokea katika nchi ambayo jina lake silitaji. Si kwa woga. Mimi siogopi kitu isipokuwa nyoka na vyombo vya dola. Ni kwamba jina lenyewe lilipelekwa kwenye kamati likatengenezwe liwe la kisasa zaidi, na kamati haijarudi. Basi tuiite nchi ile, nanyi msinyoosheane vidole.

Katika nchi ile alikuwapo mhandisi wa maji ya mvua aitwaye Kidawa Makungu. Kazi yake katika Wizara ya Ujenzi, Unyooshaji na Mapindo ilikuwa kuhakikisha kwamba barabara ikijengwa, maji yanajua pa kwenda. Ni kazi isiyo na shukrani. Barabara ikipendeza husifiwa aliyeizindua; ikifurika huulizwa aliyechora mtaro. Kidawa alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kutazama chini akitembea. Watu walidhani ana haya, kumbe alikuwa anatazama mteremko. Alikuwa ameposwa na mwalimu wa shule ya msingi, Zahoro, na harusi yao ilipangwa iwe masika yakiisha.

Mwaka ule Mtukufu Rais alirudi kutoka ziara ya nje akiwa na donge moyoni. Huko alikokwenda alionyeshwa kiplefti kikubwa, magari yakikizunguka kama nyuki, katikati pana bustani. Akasema nchi yake itajenga kikubwa zaidi, na asiulizwe kwa nini. Waziri wa Ujenzi, Mheshimiwa Dokta Sifaeli, aliyeupata udokta wake kwenye karamu, akalieleza Bunge kwamba Kiplefti cha Taifa kitakuwa na njia nane, na kwamba katikati yake mtaa mzima unaweza kuingia na nafasi ikabaki. Alisema kweli tupu, maana katikati palikuwa na mtaa mzima. Mtaa ukahamishwa. Kisha ukajengwa ukuta wa duara kuuzunguka uwanja ulioachwa, mrefu kama nyumba ya ghorofa mbili, na upande wa nje ikachorwa sura ya Mtukufu Rais, moja baada ya nyingine bila kuacha mwanya, ili dereva atazamwe usoni hata akienda wapi.

Siku mbili kabla ya uzinduzi, Kidawa aliingia ndani ya ukuta ule kwa mwanya wa mafundi, akiwa na mabuti yake na darubini ya kupimia. Alitaka kujua maji ya mvua yatatokea wapi, kwa sababu kalavati kubwa alilolichora chini ya barabara hakuliona.

Alichokiona ni nyumba. Nyumba ya vyumba vitatu, bati lake lina kutu, uani pana kisima, muhogo na bata. Mlangoni amekaa mama wa makamo anachambua mchele.

"Hodi," alisema Kidawa, kwa mshangao zaidi kuliko kwa adabu.

"Karibu, mwanangu. Wewe nawe ni wa kuja kuniambia nimehama?"

Jina lake Bi Mashavu, mjane, mkunga mstaafu. Akamsimulia Kidawa kwamba maofisa wa kuhamisha watu walifika siku aliyokwenda msibani, wakakuta mlango umefungwa, wakaandika kwamba mwenye nyumba ameshahama kwa hiari na furaha. Aliporudi aliwafuata ofisini. Wakampongeza kwa kuhama.

"Nikawaambia, wanangu, mimi sijahama, mimi ndiye huyu. Wakaniambia, mama, usiwe mbishi, serikali haiwezi kukuhamisha mara mbili."

Kidawa alikuwa bado anacheka aliposikia mlio wa mwiko wa mwashi upande wa kule kwenye mwanya. Akageuka. Alipofika mbio, mwanya ulikuwa umebaki kiasi cha dirisha, na ndani ya dirisha lile kuna uso wa fundi mwashi, umejaa vumbi na majonzi.

"Fundi! Mimi niko ndani!"

"Nakuona, Mhandisi. Ila tumeambiwa tuzibe. Mtukufu Rais ameota uzinduzi ni leo."

"Basi ngoja nipite kwanza."

Fundi akatazama nyuma yake, akatazama tofali lililokuwa mkononi, akatikisa kichwa kama mtu anayekataa chakula anachokitamani. "Ningekuwa na amri ya kungoja ningengoja, dada yangu. Nina amri ya kuziba tu." Akalipaka tofali saruji pande zote, taratibu, kwa ustadi, akaliweka. La mwisho aliliweka akisema, "Samahani."

Jioni ile, kutoka upande wa pili, zikaja ngoma, ving'ora na sauti ya Mtukufu Rais kwenye vipaza sauti. Alisema kiplefti kile ni moyo wa taifa, na moyo haufunguliwi ovyo. Akatangaza kwamba kuanzia saa ile, atakayeubomoa ukuta, atakayeutoboa au kuupanda na kuzikanyaga sura zilizochorwa juu yake, atashitakiwa kwa kumwaga damu ya taifa. Kisha akasema maneno yaliyomfanya Kidawa aketi chini.

"Ndani humu," alisema Mtukufu, "hamna mtu hata mmoja. Ni uwazi safi, uwazi wa Uhuru wetu!"

Watu wakapiga makofi kwa muda mrefu sana.

Kidawa akampigia simu Mkurugenzi wake, Bwana Kisinda, mtu mwema ambaye katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kufanya uamuzi, na kwa hiyo hakuwahi kukosea.

"Mhandisi Kidawa! Mbona sikukuona kwenye sherehe?"

"Bosi, niko ndani ya kiplefti. Wameziba."

Bwana Kisinda akasema kwa sauti ya chini, kama daktari mbele ya mgonjwa, "Hapana, Mhandisi. Hupo humo."

"Nipo, bosi. Nimeegemea ukuta."

"Umesikia hotuba?"

"Nimesikia."

"Sasa unataka mimi niseme nini? Mtukufu kasema hamna mtu. Nikisema yumo mtu, tena mtumishi wa wizara yangu, nitakuwa nimesema nini kuhusu Mtukufu?" Akashusha pumzi. "Fanya hivi. Andika maombi ya kufunguliwa mlango. Mlango ni mradi, kwa hiyo utahitaji upembuzi, michoro, na maoni ya wananchi. Tena nitakuteua wewe uusanifu, kwa kuwa uko jirani na eneo."

"Na maombi nitayaletaje?"

"Kwa mkono," alisema Bwana Kisinda. "Siku hizi hatupokei ya simu."

Usiku uleule betri ikaisha, na ndani ya kiplefti hapakuwa na umeme. Umeme ulihamishwa pamoja na mtaa.

Zahoro alimtafuta Kidawa kwa siku kadhaa, hospitali, polisi, hata nyumba ya maiti. Hatimaye yule fundi mwashi, aliyekuwa hapati usingizi, akamfuata shuleni akamnong'oneza. Zahoro akaenda ukutani akiwa amevaa kama mtalii, akawa anazunguka akizitazama sura za Mtukufu kwa heshima, huku akiita kwa sauti ya chini jina la mchumba wake. Chini ya ukuta, usawa wa goti, Kidawa alikuwa ameagiza ziachwe tundu za kupumulia maji, kila moja pana kama gilasi ya chai. Katika tundu moja, chini ya kidevu cha Mtukufu, ukatoka mkono.

Zahoro akapiga magoti, akaushika. Mlinzi aliyepita alidhani anasujudia picha, akampigia saluti.

Tangu hapo kila alasiri Zahoro alikuja na kibao cha rangi, akijifanya mwalimu anayechora picha ya Rais ili awafundishie watoto. Kupitia tundu ile alipitisha dagaa, chumvi, kiberiti, dawa ya Bi Mashavu ya shinikizo la damu, na mchele aliouteremsha kwa karatasi aliyoisokota kama mrija. Habari alizopitisha hazikuwa na lishe.

"Nimekwenda wizarani," alisema siku moja. "Wamesema niwaletee uthibitisho kwamba umo ndani. Uthibitisho sharti utiwe sahihi na mhandisi mwenye dhamana ya eneo."

"Ni mimi."

"Ndivyo walivyosema. Sahihi yenyewe sharti uitie mbele yao, ofisini."

Zahoro alisikia pumzi za mchumba wake tu, zikipita kwenye tundu na kumgusa shavuni.

"Kidawa?"

"Nipo," alisema. "Niambie mambo mengine. Niambie darasani leo mmesoma nini."

Akamweleza habari za sehemu na desimali, na Kidawa akasikiliza kama anayesikiliza muziki.

Nyumbani kwa Bi Mashavu, Kidawa alipewa chumba cha uani. Mwanzoni alitembea ukutani asubuhi na jioni, akigonga matofali, akitafuta ufa. Ukuta wa duara una ubaya huo, hauna kona ya kukufanya uamini umefika. Unatembea tu mpaka unarudi ulipoanzia, miguu imechoka na macho hayakuona kipya. Baada ya wiki chache akaacha kutembea. Bi Mashavu akamwona ameketi anatazama bata, akamwambia, "Mwanangu, mimi nimezalisha wanawake wengi. Kila mmoja hufika mahali akasema hapa sitoki. Nami sikuwahi kumdanganya mtu kwamba ni karibu. Nilikuwa nawaambia pumua tu, hilo ndilo lililo mikononi mwako."

Kisha masika yakaingia.

Hapa ni lazima nieleze jambo la kitaalamu, nalo ni rahisi. Barabara hulazwa ubavu kidogo ili maji yateremke pembeni. Mhandisi Kidawa alichora ile barabara ya njia nane iteremkie nje, kwenye mitaro. Lakini Waziri Sifaeli aligundua kwamba jukwaa la wageni wa heshima litakuwa upande wa nje, na viatu vya wageni vingelowa. Akaamuru iteremkie ndani. Na lile kalavati la kuyatoa maji chini ya ardhi, Waziri alilikataa kwa hoja nzito, kwamba kitu kilicho chini ya ardhi hakiwezi kuzinduliwa, wala mpiga picha hawezi kukiona. Likajengwa juu ya kilima, mahali pa wazi, likapakwa rangi za bendera. Ni kalavati zuri sana. Mbuzi hupumzika ndani yake.

Kwa hiyo mvua iliponyesha, maji yote ya njia nane yakaingia ndani ya ukuta. Tundu za kupumulia zikafoka nje kama mabomba, lakini yaliyoingia yalikuwa mengi kuliko yaliyotoka. Siku ya kwanza yalifika kwenye kizingiti. Siku ya pili bata walikuwa wanaogelea sebuleni, wakionekana kana kwamba hatimaye serikali imewakumbuka. Siku ya tatu Kidawa alimpandisha Bi Mashavu juu ya bati kwa ngazi ya miti, wakaketi huko wawili, wamejifunika turubai moja, na mvua haina dalili ya kuchoka. Bi Mashavu akaanza kukohoa. Miguu yake ilikuwa imevimba, na dawa zilikuwa zimekwenda na maji.

Siku ya nne, juu ya ukuta, ukatokea mkono wa winchi. Chini yake limening'inia tenga la chuma, na ndani ya tenga amesimama Mheshimiwa Waziri Sifaeli, ana mabuti meupe na mwavuli. Winchi ilimleta mpaka karibu na paa.

"Mhandisi Kidawa," alisema kwa furaha, "pole na kazi! Kuna maneno mjini kwamba mifereji ya kiplefti haifanyi kazi. Maadui wa maendeleo. Nimekuletea cheti cha ukamilishaji, utie sahihi kwamba mifereji inafanya kazi kama ilivyosanifiwa, na kwamba ndani ya kiplefti ni pakavu."

Kidawa alifuta maji usoni. "Mheshimiwa, niko juu ya bati. Nyumba iko ndani ya maji."

"Hilo ni jambo lako binafsi. Mimi naulizia kiplefti."

"Na nisipotia?"

"Hakuna atakayekulazimisha. Nchi hii ni huru." Waziri akatazama saa yake, kisha mawingu. "Ukitia, tenga hili litampandisha mtu mmoja. Lina nafasi ya mmoja tu. Mimi nitabaki kule juu kwenye jukwaa la winchi likishuka tena."

Kidawa alimtazama Bi Mashavu. Midomo ya mama yule ilikuwa imekuwa ya kijivu. Kidawa hakuwahi hata siku moja kutia sahihi kwenye mchoro asiouamini; ndiyo fahari pekee aliyokuwa nayo kazini, na alikuwa ameilea kama mtoto.

"Atapanda huyu mama," alisema.

"Mama gani? Ndani hamna mtu, Mtukufu kasema."

"Basi Mheshimiwa, kama hayupo, tenga halitapata uzito. Mpandishe."

Waziri alifikiri. Hoja ile aliiona haina dosari. Akampa cheti kilichofungwa ndani ya nailoni, pamoja na kalamu, na Kidawa akatia sahihi yake juu ya goti, chini ya turubai. Tenga likampandisha Waziri, kisha likashuka likiwa tupu. Bi Mashavu alikataa kuingia.

"Siwezi kukuacha, mwanangu."

"Mama, pumua tu," alisema Kidawa, akamsukuma ndani, akamrushia na bata mmoja.

Tenga likapanda. Kidawa akasimama juu ya bati akilingoja. Kule juu Waziri alikuwa anakisoma cheti kwa sauti, akimsomea mwendesha winchi.

"'Ndani ya kiplefti ni pakavu.' Umesikia? Pakavu. Sasa mahali pakavu tunamwokoa nani, na kutoka kwenye nini?"

"Yule mhandisi, Mheshimiwa," alisema mwendesha winchi.

"Mhandisi ni mtaalamu. Ameandika mwenyewe."

Mkono wa winchi ukajikunja, ukatoweka nyuma ya ukuta. Kidawa aliita mpaka sauti ikakauka. Kisha akaketi, akajifunika turubai lote peke yake.

Hakufa. Mvua ilikatika, maji yakapungua kwa ukaidi, siku hata siku, kupitia zile tundu. Akapaka udongo kuta za nyumba zilizolainika, akapanda muhogo upya. Mwisho wa mwezi wizara iligundua kwamba mshahara wake bado unatoka, na kwa kuwa hakuna mshahara bila cheo, ikampandisha awe Mhandisi Mkaazi wa Kiplefti. Tangazo lake la uteuzi lilisomwa redioni. Waliomfahamu walimpelekea mama yake pongezi.

Zahoro aliendelea kuja. Alimweleza kwamba Bi Mashavu amepona, amepelekwa kule alikohamia. Alimweleza kwamba amemwandikia Waziri, Spika, na hata mke wa Rais, akiomba mchumba wake atolewe, na hakuna aliyejibu. Kidawa alimsikia akizidi kukonda kwa sauti.

"Zahoro," alimwambia siku moja, "nenda kaoe. Sisemi kwa uchungu."

Zahoro alikwenda kwa baba yake Kidawa, na kwa kuwa ndoa ya dini yao hufungwa kwa walii, msimamizi wa bibi harusi, wala haimlazimu bibi harusi awepo, Kidawa aliulizwa kupitia tundu kama ameridhia, akasema ameridhia, na siku ileile shehe akaozesha. Ilikuwa shughuli pekee katika nchi ile mwaka ule iliyokwisha siku iliyopangwa. Kesho yake Zahoro akaandika barua nyingine wizarani, ya mistari mitatu, akiomba kumfuata mke wake kwenye makazi yake ya kikazi. Ilijibiwa kabla ya saa sita. Kutoka kulikuwa na taratibu. Kuingia hakuna aliyekuwa amekufikiria.

Akateremshwa kwa tenga, mchana, na godoro, birika, na sufuria ya pilau ya harusi iliyofungwa kwa kanga. Kidawa alisimama anamtazama akishuka, na badala ya furaha akajikuta anawaka.

"Umefanya nini wewe? Wewe ndiye uliyekuwa wangu wa nje! Nani atanitoa sasa?"

Zahoro alishuka, akaweka godoro chini. Alikuwa mtu mfupi kuliko sauti yake. "Nimechoka kusema na tundu," alisema.

Tenga likapanda likiwa tupu. Wakasimama, hawajui waanzie wapi, maana tangu kabla ya masika walizoeana masikio tu. Hatimaye Kidawa akaifungua sufuria. Pilau ilikuwa imepoa, wakaila hivyohivyo.

"Kuna jambo sikukwambia," alisema Kidawa. "Nilitia sahihi kwamba humu ni pakavu."

"Najua. Bi Mashavu alinieleza yote."

"Na bado ukanioa?"

"Alinieleza yote," alirudia Zahoro.

Kiangazi kile wageni walianza kuletwa. Mabalozi, wataalamu wa barabara, mawaziri wa nchi jirani, wakapandishwa kwa winchi juu ya ukuta wauone uwazi wa Uhuru. Kidawa na Zahoro walipunga mikono na kupiga kelele. Wageni nao wakapunga, wakaambiwa ni bustani ya maonyesho, na wale ni watumishi.

Ni hapo Kidawa alipouangalia ukuta kwa jicho jingine. Nje ulikuwa umejaa sura. Ndani ulikuwa mweupe, laini, hauna hata doa, isipokuwa mstari wa matope unaoonyesha maji yalifika wapi. Katika stoo ya Bi Mashavu mlikuwa na masizi, ufagio, na mafuta ya taa. Zahoro alikuwa na mwandiko wa mwalimu, ule wa ubaoni, unaosomeka na mtoto aliyekaa nyuma kabisa.

"Andika," alisema Kidawa, "herufi ndefu kama wewe."

Wakaandika kutwa, siku baada ya siku, kuuzunguka ukuta wote, Zahoro akiwa juu ya ngazi na Kidawa akiishika na kumwambia maneno. KALAVATI HALIKUJENGWA. BARABARA INATEREMKIA NDANI. MAJI YALIFIKA HAPA. CHETI NILICHOTIA SAHIHI NI CHA UONGO, NILIKITIA MWENYEWE. HAPA WANAKAA WATU WAWILI. Na chini yake, herufi kubwa kuliko zote, jina lake na namba yake ya uhandisi.

Mgeni aliyefuata alikuwa rais wa nchi jirani, mtu mwenye macho mazuri na mdomo usiofungika. Alipandishwa na Waziri Sifaeli, akatazama, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, akiuzungusha mwili wake, na waandishi wa habari chini wakaandika wakidhani anahutubia. Alipofika kwenye namba ya uhandisi alimgeukia mwenyeji wake.

"Ndugu Waziri, nchi yenu ina uwazi kwelikweli."

Habari zikamfikia Mtukufu. Akasema maneno yale yafutwe kabla ya Jumamosi, siku ambayo marais wengine watatu wangekuja. Waziri akampigia hesabu. Ukuta wote, rangi mara mbili, mafundi arobaini pamoja na mapipa yao. Tenga humteremsha mtu mmoja mmoja, hawatamaliza mpaka Krismasi. Mtukufu akapiga meza.

"Si mtoboe mlango, mbumbumbu wewe!"

Na ukuta ambao kwa ajili ya watu haukuweza kufunguliwa, kwa ajili ya rangi ukafunguliwa asubuhi moja, kwa nyundo, mbele ya askari na baraka za Baraza la Mawaziri.

Mafundi wakaingia mbio, ngazi mabegani. Afisa mmoja wa jeshi akasimama mlangoni akipiga kelele waharakishe. Kidawa alichukua pipa dogo tupu lililotupwa, Zahoro akachukua jingine. Nyuso zao na nguo zao zilikuwa zimejaa masizi. Wakatembea kuelekea mlangoni.

"Nyie! Mnakwenda wapi?"

"Kuteka maji, afande. Rangi imekuwa nzito," alisema Kidawa.

"Mnatembea kama mnakwenda harusini! Kimbieni, marais wanakuja!"

Wakakimbia. Hakuna mtu katika nchi ile aliyewahi kuitii amri ya jeshi kwa moyo kama wale wawili. Walivuka njia zote nane na mapipa yao, wakaingia vichochoroni, wakaendelea kukimbia hata pasipokuwa na haja.

Hawakuwa na pa kwenda. Kwa Kidawa kungetafutwa, kwa Zahoro vilevile. Wakaulizia kule alikohamishiwa Bi Mashavu, wakafika jua likiwa kali bado. Lilikuwa bonde kubwa la majani makavu nje ya mji, halina nyumba hata moja. Lilikuwa na vigingi. Kila kigingi kina namba, na kando ya kila kigingi imekaa familia, na vyombo vyake, na kitanda chake, wengine wamefunga turubai. Hao ndio waliokuwa mtaa wa katikati ya kiplefti. Bi Mashavu alikuwa amekaa kwenye kiti, kigingini pake, bata amelala miguuni. Alipomwona Kidawa, alimshika uso kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto aliyetoka kuzaliwa, akamtazama kwanza kama amekamilika.

"Kaeni," alisema baadaye. "Hapa ni sebuleni."

Wakakaa. Upepo wa vuli ulikuwa umeanza, na upande wa milimani mawingu yalikuwa yameshuka. Kidawa alijaribu kutulia, akashindwa. Macho yake yaliteleza chini, yakafuata bonde, yakapanda, yakarudi. Akainuka.

"Bi Mashavu, nani ana jembe?"

Akaanza kuchimba pale pale, upande wa juu wa kigingi cha mwisho, mstari mrefu unaopinda taratibu kuelekea korongoni. Zahoro akatafuta jembe la pili. Mwanamume mmoja, jirani wa kigingi cha tatu, akaja kutazama, mikono nyuma.

"Huu mradi wa nani?"

"Sijui," alisema Kidawa. "Chimba hapo, teremsha kidogo. Usinyooshe, fuata nilivyopinda."

Yule bwana akachimba. Mkewe akaja kumcheka, akabaki. Mpaka kufika magharibi watu walikuwa wengi, kila mmoja mbele ya kigingi chake, wakipokezana majembe, wakigombana kuhusu kina, na Kidawa akipita katikati yao anapima kwa macho na kusema ongeza, punguza, hapo hapo.

Mvua ilikuja kesho yake asubuhi, nzito, ya vuli ya kwanza. Watu wakajikunyata chini ya maturubai wakiyangoja maji. Yakaja kutoka juu, ya rangi ya chai, yakiburuta majani, yakafika kwenye mtaro, yakasita kidogo, kisha yakapinda, yakapita mbele ya vigingi vyote na kuelekea korongoni, kama mgeni aliyeonyeshwa njia.

Bi Mashavu alivuta kiti chake karibu ayatazame.

"Maji yenyewe hayana ubaya na mtu," alisema, akimsogezea Kidawa kikombe cha uji.